Kuharibu Faili kwa Makusudi: Somo la Kurejesha Data



Mwaka jana mwenzangu wa chumbani aliniletea flashi yenye ripoti yake ya mwaka wa mwisho, kila sura na faili yake. Alikuwa amezifuta kwa bahati mbaya, na ilibaki wiki moja kukabidhi. Nikapakua programu ya kurejesha data, nikaiendesha, nikahifadhi matokeo kwenye flashi ile ile. Programu iliandika kwamba faili zote zimerejeshwa, lakini sura mbili hazikufunguka. Faili nilizookoa mwanzo ziliandikwa juu ya zile zilizobaki.

Aliziandika upya usiku na mchana, bila kunilaumu. Nilijilaumu mwenyewe, kwani nilikuwa nimejifunzia kwenye amana ya mtu. Tangu hapo najaribu programu kwa faili zangu, ambazo majibu yake nayajua. Nawe fanya hivi.

Kwanza, andaa faili za PDF na uhifadhi alama ya SHA-256 ya kila moja. Ni herufi na tarakimu 64 zinazokokotolewa kutokana na yaliyomo. Ikibadilika baiti moja tu, alama hubadilika.

Pili, tengeneza mafungu matatu. La kwanza liache lilivyo. La pili, haribu herufi za mwanzo wa kila faili kwa kihariri cha baiti. La tatu, badilisha baiti chache katikati. Chukua pia alama za nakala ulizoharibu.

Tatu, chukua flashi isiyo na kitu cha thamani. Kwa kila fungu, ifomati kikamilifu kwa FAT32, nakili faili, kisha zifute. Kufuta huku hakuondoi yaliyomo: mfumo hubadilisha herufi ya kwanza ya jina na kutangaza nafasi kuwa wazi. Yaliyomo hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Nilitumia PhotoRec, programu huria ya Christophe Grenier. Haitegemei majina, hutafuta mwanzo unaojulikana wa kila aina ya faili. PDF huanza na %PDF, picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF.

Fungu la kwanza lilirudi bila majina yake, na alama zikalingana. La pili halikuonekana kabisa, ingawa karibu yaliyomo yote yalikuwepo. La tatu ndilo lililonifundisha zaidi. Lilirudi lote, lakini faili moja ilikuwa na ukurasa mtupu. Alama zake zililingana na za nakala nilizoharibu. Programu haikukosea, ilirejesha kile kilichokuwepo, kikiwa kimeshaharibika.

Kwa hiyo neno "imerejeshwa" lina maana ya kupatikana, si kuwa nzima. Usihesabu faili tu. Linganisha alama, na kama huna alama, fungua kila ukurasa.

Mwishowe nilifuta faili, nikajaza flashi kwa video. Hakikurudi kitu. Basi ukifuta kwa makosa, acha kuitumia flashi hapo hapo, na uhifadhi matokeo kwenye diski nyingine. Fanya jaribio hili wiki hii, kabla mtu hajabisha hodi akiwa na flashi mkononi.