Kukokotoa Fungu la Mwenye Meza Kwenye 21 Mpya

Sirari mpakani, Nyamongo kwenye dhahabu, Mugumu stendi: kasino siku hizi iko mfukoni, inataka bando na salio tu. Vijana wengi wanabeti mpira, lakini kwenye simu hiyo hiyo kuna mchezo wa karata uitwao 21, na kila mara linaingia toleo jipya lenye bonasi inayong'aa. Kabla hujaweka hata mia tano, kokotoa fungu la mwenye meza, yaani sehemu ya kila dau inayobaki kwake kwa wastani. Kalamu, daftari na kikokotoo cha simu vinatosha.

Hatua ya 1: Soma sheria za mchezo

Fungua ukurasa wa maelezo. Hakikisha kwanza kampuni ina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, inayosimamia Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Ukikuta herufi RTP (sehemu ya madau inayorudi kwa wachezaji) na asilimia, itoe kwenye 100, umepata fungu. Lakini tahadhari: kwenye 21 namba hiyo kwa kawaida ni ya mchezaji asiyekosea hata karata moja.

Kama haipo, andika kila sheria inayotofautiana na 21 ya kawaida. Tuchukue mfano wa toleo lenye sheria tatu kama hizo: kuanza na A na karata ya kumi kunalipa 6 kwa 5 badala ya 3 kwa 2, mgawaji akifika 22 hajashindwa, ni sare, na ukipata 7-7-7 unalipwa mara kumi ya dau.

Hatua ya 2: Weka msingi

21 ya kawaida yenye sheria nzuri, kwa anayefuata kanuni za lini kuomba karata na lini kusimama, humwachia mwenye meza kama asilimia 0.5. Anayecheza kwa hisia anaacha 2 au zaidi. Kanuni hizo zilikokotolewa na askari wanne wa Marekani kwa mashine za kuhesabia za mezani, wakazichapisha mwaka 1956, kwa hiyo usikubali mtu akwambie kazi hii inataka kompyuta kubwa.

Hatua ya 3: Ipe kila sheria bei yake

Hapa ndipo penye kazi. Bei ya sheria ni mara inazotokea, zidisha kwa tofauti ya malipo.

Anza na 6 kwa 5. Uwezekano wa kupata A ni 1/13, na wa karata yenye thamani ya kumi (10, J, Q, K) ni 4/13. Yoyote inaweza kutangulia, kwa hiyo 2 × 1/13 × 4/13 = 8/169, karibu asilimia 4.7. Punguza zile ambazo mgawaji naye anapata hivyo mkatoka sare, inabaki 4.5. Dau la 1,000 lingelipa 1,500, sasa linalipa 1,200: umepoteza 0.3 ya dau. 4.5 × 0.3 = 1.35.

Sheria ya 22 inaonekana ndogo, ila ndiyo inayokula. Mgawaji hufika 22 mara 7 hivi kati ya 100, na kila mara ushindi wako unageuka kurudishiwa dau. Baadhi ya mara hizo ungekuwa umeshazidisha 21 mwenyewe. Nyingine ulikuwa umeongeza dau maradufu. Mambo hayo mawili karibu yanafidiana. Andika 7.

Sasa ile bonasi ya kwenye tangazo. 7-7-7 ni 1/13 mara tatu, yaani 1 kati ya 2,197. Ungelipwa dau moja, sasa unalipwa kumi, umeongezewa tisa: 9 ÷ 2,197 ni asilimia 0.4 kwa juu kabisa. Hiyo ndiyo thamani yote ya maandishi yale makubwa mekundu.

Hatua ya 4: Jumlisha

0.5 + 1.35 + 7 − 0.4 = 8.45.

Hatua ya 5: Hakiki bila pesa

Cheza toleo la majaribio la bure, lakini usihesabu salio. Hata baada ya mikono 1,000, bahati peke yake inaweza kulipeleka salio juu au chini ya wastani kwa asilimia 7 ya madau yote, na mchezo mbovu ukaonekana wa kawaida. Hesabu matukio: piga mstari daftarini kila mgawaji anapofika 22 ungali hai mezani. Kwa mikono hiyo hiyo 1,000 kosa la hesabu hiyo ni kama asilimia 1.5 tu.

Hatua ya 6: Geuza iwe shilingi

Dau la 500 kwa asilimia 8.45 ni shilingi 42 kila mkono. Simu haichanganyi karata polepole. Mikono 300 kwa saa ni ya kawaida, nayo ni zaidi ya 12,600. Bodaboda anayesubiri abiria Sirari ajiulize saa yake inaingiza kiasi gani.

Tumia hesabu hiyo hiyo kwa bonasi ya kukaribishwa. Ukipewa 5,000 kwa sharti la kuizungusha mara 20 kabla ya kutoa, lazima uweke dau la jumla 100,000. Kwa asilimia 8.45 utaacha wastani wa 8,450 ili upate 5,000.