Utunzaji wa Lenzi Zisizotumika: Mfano wa Newala na Masasi

Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala akiwa na kamera. Leo lenzi zipo kwenye kamera na hadubini za shule zetu. Lenzi ya hadubini ikiharibika kabatini wakati wa likizo, darasa linalofuata litasoma seli kwa michoro tu. Kwa hiyo elewa sababu ya kila hatua, usikariri orodha.

Maadui wa lenzi

(a) Unyevu. Majira ya mvua, kuvu huota juu ya kioo kilichofungiwa gizani, mahali hewa isipozunguka. Huonekana kama utando wa buibui. Kemikali zinazotolewa na kuvu hula tabaka la juu la lenzi, hivyo hata ukiifuta, alama hubaki.

(b) Vumbi. Kiangazi, chembe za mchanga huingia kila mahali. Ukifuta lenzi bila kuziondoa kwanza, zinakwaruza.

(c) Jua. Lenzi mbinuko hukusanya miale kwenye fokasi na inaweza kuunguza kitu kilicho karibu.

Hatua za kuhifadhi

1. Ondoa vumbi kwa kipulizio cha mpira, kisha futa kwa kitambaa laini. Usipulize kwa mdomo. Pumzi ina unyevu.
2. Funika lenzi pande zote mbili.
3. Iweke, ikiwa kavu, ndani ya chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vipakiti vya silika jeli kama vile vya kwenye maboksi ya viatu. Vikishajaa unyevu, vibadilishe. Usitumie mchele, una vumbi.
4. Usiiache ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi hutunza unyevu.
5. Ikague mara kwa mara, hata kama haitumiki.

Swali la mfano

Alfajiri ya baridi Newala, Asha aliingia na kamera ndani ya basi la Masasi lililojaa abiria. Lenzi ikafunga ukungu. Eleza sababu na kinga. (Alama 4)

Jibu: Hewa ya ndani ya basi ni ya joto na ina mvuke mwingi. Ikigusa lenzi baridi hupoa, na mvuke hugeuka matone. Kinga: afunge kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kupanda, asiufungue mpaka kamera ipate joto la basi.

Angalizo: Jibu la "kuweka mahali salama" halitoshi. Taja mahali, kisha sababu.