Maharage, Figili na Makaroni katika Sufuria Moja

Njombe mjini, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage hukawia kuiva, na mpishi aliyechoka kupuliza kuni hukimbilia magadi. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu sehemu ya vitamini B1. Kuloweka maharage usiku kucha huokoa muda na kuni bila hasara hiyo. Asubuhi maji ya kulowekea humwagwa, kisha maharage huchemshwa kwa moto mkali walau dakika 10 kabla ya kupunguza kuni, kwa kuwa maharage yasiyoiva, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara.

Mkoa wa Njombe wenyewe hauna njaa. Mahindi, viazi mviringo na parachichi hupakiwa kila msimu kwenda masoko ya mbali kupitia njia panda ya Makambako. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Maradhi ya mara kwa mara na kazi nzito za akina mama vimo katika sababu. Sahani ya rangi moja nayo imo.

Kwa familia ya Mlangali, mkoani humo, inayoacha nyama wakati wa Kwaresima, au isiyomudu kuinunua, nusu kilo ya maharage na robo kilo ya makaroni hutosha watu sita. Vitunguu, karoti na nyanya hukaangwa kwa mafuta ya alizeti. Bila mafuta mwili hunyonya kidogo tu vitamini A ya mboga. Maharage yaliyoiva huingia na mchuzi wake, kisha makaroni, yakiongezewa dakika chache zaidi ya zilizoandikwa kwenye pakiti. Mafungu mawili ya figili, chainizi au majani ya maboga huoshwa kwanza, hukatwa baadaye, na hutiwa mwisho kabisa. Dakika tano zinatosha. Mboga iliyochemshwa hadi ikawa kahawia imepoteza vitamini C nyingi.

Chumvi isubiri sufuria iepuliwe. Nyanda za Juu Kusini zilisumbuliwa sana na rovu, uvimbe wa shingo unaotokana na upungufu wa madini joto, na madini hayo hupotea kwa moto na unyevu. Chumvi iliyotiwa madini joto hukaa vizuri kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jiko.

Matone ya limao mezani husaidia mwili kuchukua madini ya chuma ya maharage. Chai hufanya kinyume. Katika mkoa wenye mashamba ya chai ya Kibena na Luponde ushauri huu unaudhi kidogo, lakini kikombe kisubiri saa moja baada ya mlo.

Asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa hupungukiwa vitamini B12. Aulizie vidonge kituo cha afya. Mtoto wa miezi 6 hadi 23 apondewe chakula hiki kiwe kizito, kisha aongezewe yai, au usipa wa Ziwa Nyasa waliokaushwa na kusagwa.