Dondoo muhimu: Shokapu iendane na uzito wako

Pikipiki ya lami na porini hutoka kiwandani ikiwa na springi iliyokadiriwa kwa mtu wa wastani. Kama una kilo 95 na begi la vifaa nyuma, mtu huyo si wewe. Dalili huonekana mapema: taa inamulika miti, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye shimo shokapu inagonga mwisho.

Tafuta futi kamba na wasaidizi wawili. Inueni pikipiki hadi tairi la nyuma lining'inie, kisha pimeni kutoka ekseli kwenda juu wima mpaka alama uliyoweka kwenye fremu ya nyuma. Ishusheni. Panda ukiwa na buti, helmeti na mzigo wote wa safari, tikisa kidogo, wapime tena. Tofauti iwe karibu theluthi ya mwendo wote wa tairi; kwa Honda CRF300L, yenye milimita 260 nyuma, ni kama 85 hivi. Ukizama zaidi, kaza ringi ya springi. Ukizama kidogo, legeza. Safisha nyuzi kwanza, maana tope likikaukia humo ringi haizunguki.

Halafu shuka, ipimwe pikipiki peke yake. Hapa wengi huruka. Ikiwa haizami hata milimita 20, springi ni laini mno kwako na umeikaza kufidia tu. Nunua iliyo ngumu zaidi. Skrubu za kudhibiti kasi ya shokapu, kama zipo, usiziguse kabla ya hapo.