Pembetatu Kwanza, Lupanga Baadaye

Unayeanza somo la michoro ya kompyuta, iwe Mazimbu katika kampasi ya Solomon Mahlangu ya SUA au kule Mzumbe, mfano bora wa kazi yako uko nje ya dirisha. Kabla muhula haujaisha unaweza kuichora Milima ya Uluguru kwa msimbo wako mwenyewe. Anzia hapa.

1. Ijue mashine uliyokalia. Kama kompyuta ya maabara inatumia Linux, amri ya glxinfo itakuonyesha toleo la OpenGL, mfumo utakaotumia kuiagiza kadi ya michoro. Ukikuta 3.3, lile la mwaka 2010, au la juu zaidi, linatosha. Kadi kubwa ya michoro si lazima.

2. Angalia umri wa mfano unaonakili. OpenGL ilitoka mwaka 1992, na mifano mingi mtandaoni bado inatumia glBegin na glEnd, mtindo ulioanza kuachwa mwaka 2008. Muulize mwalimu anataka upi, kisha ushike huohuo. Ukichanganya miwili, utapoteza wiki nzima.

3. Chora bendera ya Taifa. Karibu kila kitu hapa hujengwa kwa pembetatu, na bendera yetu ya mwaka 1964 ni zoezi zuri kuliko mchemraba wa vitabuni. Anza na karatasi na rula. Katikati ya dirisha ni 0,0. Kushoto kabisa ni -1, kulia 1, chini -1, juu 1. Fungua dirisha la pikseli 900 kwa 600, kwa kuwa bendera ina uwiano wa tatu kwa mbili. Paka dirisha lote rangi nyeusi. Weka pembetatu mbili za njano, moja kona ya juu kushoto, nyingine kona ya chini kulia. Juu yake weka ya kijani kushoto na ya bluu kulia, ndogo kidogo ili njano ibaki kama ukingo. Pembetatu nne tu, bendera imekamilika. Sasa tanguliza kijani na bluu, njano ifuate, uone kinachotokea. Funzo hilo la nani anamfunika nani utalihitaji muhula mzima.

4. Skrini tupu ina sababu. Ukimaliza bendera, acha kutumia mandhari nyeusi, maana umbo lililokosa rangi hupotelea humo. Halafu omba ujumbe wa makosa ya sheda, yaani programu ndogo zinazoendeshwa na kadi ya michoro. OpenGL haikuletei ujumbe huo usipouomba, na wengi hukwama hapo.

5. Sasa panda mlima. Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilipima miinuko ya sehemu kubwa ya dunia kwa rada, na data yake hupatikana bure, nukta moja kila mita 30 hivi. Mji wa Morogoro na kilele cha Lupanga vimo katika faili la S07E037. Kata eneo la kilomita kumi kwa kumi. Utapata pembetatu zaidi ya laki mbili. Angalizo: kila mwinuko umeandikwa kwa baiti mbili, kubwa ikitangulia, wakati kompyuta nyingi husoma ndogo kwanza. Usipozigeuza, mita 2,138 za Lupanga zitasomeka 23,048, na mlima utakuwa msitu wa miiba. Ukiona miiba, usiguse kamera wala sheda. Geuza baiti.

6. Mwanga ndio unaoleta uhai. Bui Tuong Phong, Mvietnamu aliyesoma Chuo Kikuu cha Utah, aliandika mwaka 1973 njia ya kukokotoa mwanga ambayo bado hufundishwa. Weka jua mashariki: mteremko unaoutazama mji uwe kivulini. Lihamishe magharibi, nao ung'ae. Kisha inua macho uutazame mlima wenyewe asubuhi na alasiri. Visipolingana, kagua mishale inayoonyesha kila pembetatu imeelekea wapi. Aghalabu kosa liko hapo.

7. Hifadhi kazi kila inapofanya kazi, hata kama ni pembetatu moja. Umeme hauagi.

Na ukikwama, usikae kimya hadi kipindi kiishe. Mwite mwenzako au msimamizi wa maabara, mwonyeshe ulichotarajia na ulichokiona.