Cherehani ya Shangazi au Basi la Dar es Salaam

Ubunifu wa mavazi ni kazi ya kuamua namna nguo itakavyokaa mwilini kabla mkasi haujagusa kitambaa. Anayeifanya huchagua kitambaa, hupima mwili, hutengeneza patani (kiolezo cha kukatia), hukata au humsimamia mkataji, humjaribisha mvaaji, hurekebisha, hupanga bei, kisha hukabidhi nguo siku aliyoahidi. Kuchora kumo humo ndani, lakini si uti wa kazi. Mchoro ukikosekana, nguo bado hushonwa. Patani ikikosekana, kinachobaki ni picha ya kubandika ukutani.

Suala hili limeletwa na barua ya binti wa miaka ishirini kutoka Rulenge, wilayani Ngara. Amemaliza kidato cha nne na ana kaunta buku mbili zilizojaa magauni ya kuchora. Shangazi yake, fundi cherehani mjini Biharamulo, amemwita akakae naye ajifunze kazi. Baba amekataa, kwa maelezo kwamba cherehani ni ya waliofeli. Binti mwenyewe naye hana hamu na Biharamulo. Anataka Dar es Salaam, kwenye majukwaa ya mitindo. Anauliza mambo matatu: kama mbunifu lazima awe na shahada, kama lazima ajue kushona, na kama kazi hiyo inafanyika huku Ngara, mpakani mwa Rwanda na Burundi. La nne hakuliandika, ila limejaa barua nzima: amsikilize nani.

Shahada si sharti. Hakuna mtihani wa taaluma ambao mbunifu wa mavazi hulazimika kuufaulu kabla ya kufungua duka, kama ilivyo kwa daktari au wakili. Mustafa Hassanali, aliyeanzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, alisomea udaktari wa binadamu. Sheria Ngowi, ambaye jina lake limekuwa nembo ya mavazi ya wanaume, alisomea sheria. Mifano hiyo hupendwa sana na vijana wanaotaka kuruka darasa, nayo hutumiwa vibaya: watu hao walikuwa na elimu nyingine ya kuegemea endapo nguo zisingenunuliwa. Binti wa Rulenge hana pa kuegemea, kwa hiyo anahitaji mafunzo zaidi yao, si pungufu.

Mafunzo yapo ya aina kadhaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada za nguo na vitambaa, ila hizo hulenga kiwanda zaidi kuliko gauni la harusi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hufundisha fani ya ubunifu, ushonaji na teknolojia ya nguo kwa ngazi, na chuo chake cha mkoa kiko Bukoba, safari ndefu kutoka Rulenge. Karibu zaidi kuna vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1975. Biharamulo ina chake, cha Rubondo. Kuna pia njia ambayo wengi hawaijui: VETA ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunzia kazini na kumpa cheti cha ujuzi alionao. Maana yake, miaka ya kukaa kwenye cherehani ya shangazi haipotei bure. Inaweza kugeuzwa karatasi baadaye.

Kuhusu kushona, jibu ni ndiyo, na halina njia ya mkato. Cristóbal Balenciaga, mtoto wa mshona nguo katika mji mdogo wa wavuvi wa Getaria, Hispania, aliingia kwenye ufundi akiwa bado mdogo, na hata alipokuwa na jumba lake Paris aliweza kukata na kushona nguo nzima mwenyewe. Coco Chanel hakuwa mchoraji. Alifanya kazi kwa pini na mkasi, kitambaa kikiwa mwilini mwa mwanamitindo. Asiyejua kushona hawezi kumweleza fundi wake kwa nini bega limepanda, na fundi akimwambia haiwezekani, hana la kujibu.

Ugumu wa kazi huonekana vizuri kwenye kitenge cha yadi sita. Kikiwa cha pamba halisi huloweshwa, hukaushwa na kupigwa pasi kwanza, kwa sababu pamba hurudi baada ya kufuliwa, na gauni lililokaa vyema Jumamosi halitafungika zipu baada ya kufuliwa. Kisha huangaliwa upande wa juu wa maua: kitenge chenye ndege hakikatwi ovyo, ndege wa mgongoni wakaning'inia vichwa chini. Ua kubwa hupangiwa mahali. Likitua katikati ya kifua ni pambo. Likitua kwenye ziwa moja tu ni kichekesho cha sherehe nzima. Pande mbili za mshono wa pembeni hulinganishwa ili mistari ikutane. Yote haya huamuliwa kwa chaki, patani ikiwa juu ya kitambaa, na ndipo yadi sita zinapoanza kuonekana chache.

Mafundi wengi wa vibarazani hukata kwa macho. Hupima kwa futi, hupiga mistari ya chaki moja kwa moja kwenye kitambaa, hukata. Wazoefu hawakosei sana, lakini nguo ya mteja wa pili wanaianza upya kama vile hawajawahi kuishona. Mbunifu hutengeneza patani ya karatasi, iwe ya kaki au ya magazeti ya zamani, huiandika vipimo na huihifadhi. Patani moja iliyokaa sawa huzaa mishono kumi: mkono hubadilishwa, shingo hushushwa, sketi ya solo huwekwa mahali pa rinda. Kifua, kiuno na bega haviguswi tena. Kama kuna kitu kimoja kinachomtofautisha mbunifu na fundi wa kawaida, ni hicho, na kinafundishika mahali popote penye meza.

Nguo hujaribiwa kwa maisha ya anayeivaa. Mwanakwaya atainua mikono, na mkono uliobana utapasuka kwapani katikati ya wimbo. Mwanamke wa Nyakahura atapanda bodaboda kwenda kwenye sherehe, kwa hiyo sketi ya samaki isiyo na mpasuo itamfanya akae upande au apandishe nguo hadharani. Mchoro wa kwenye kaunta buku hauna bodaboda.

Shule nyingine ya bure iko kwenye marobota ya mitumba. Koti la mtumba lililochakaa likifumuliwa polepole, mshono kwa mshono, huonyesha kila siri: kitambaa kigumu kilichofichwa ndani ya kola, akiba iliyoachwa pindoni, namna lainingi ilivyotiwa bila kuvuta. Anayefumua makoti matatu na kuyarudishia hujifunza mambo ambayo fundi wake pengine hakuwahi kufundishwa.

Mitumba hiyohiyo ndiyo mshindani mkuu, na hapa mpaka una habari yake. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa upendeleo wa soko lake, na Tanzania, kama baadhi ya majirani, ikalegeza. Rwanda haikulegeza: ushuru wake ulipandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia msamaha wa ushuru kwa nguo zake. Ndiyo maana daraja la Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, linatenganisha masoko mawili ya nguo yasiyofanana. Upande wa Ngara, mtu atakayeshona fulana na jinzi kushindana na robota atafunga duka. Atakayeshona kile kisichokuja na robota atapata wateja.

Na visivyokuja na robota ni vingi kuliko binti anavyodhani. Kwanza ni sare za shule. Shule za msingi na sekondari za kawaida za serikali hazitozi ada, lakini sare bado hununuliwa na mzazi, na kila Januari hukuta mafundi hawalali. Si kazi ya kujivunia mtandaoni, ila ndiyo inayolipa pango. Pili ni sare za kwaya na za vikundi vya akina mama, katika wilaya zenye parokia na makanisa kila upande. Kwaya moja ni oda ya watu thelathini kwa mtindo mmoja wenye miili thelathini tofauti, mtihani mzuri kuliko wowote wa patani. Tatu, na hapa ndipo ubunifu wenyewe ulipo, ni harusi na sherehe za kumuaga binti, ambako mshanana bado una heshima yake. Vazi hilo, la sketi na kitambaa kinachopita juu ya bega moja, linaonekana rahisi hadi mtu ajaribu kulifanya likae bila kuteleza kwa saa sita za kucheza. Anayeweza kulishona likakaa, akachagua rangi isiyofifia kwenye picha, na kuwavisha mashangazi wote wafanane bila kuwafanya wote wawe na umbo moja, hatakosa kazi kuanzia Kabanga, Ngara, hadi Nyakanazi, Biharamulo.

Ngara iko karibu na Kigali kuliko ilivyo karibu na Mwanza, sembuse Dar es Salaam. Ng'ambo ya Rusumo, katika wilaya ya Kirehe, ndiko kunakojulikana kwa imigongo, ile michoro ya pembe na mistari inayofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa rangi. Jumba la mitindo la Moshions la Kigali, lililoanzishwa 2015, liliichukua michoro ya aina hiyo likaitia kwenye mashati na makoti, likajulikana kwayo. Michoro ya ukutani kwa jirani imekuwa nguo ya bei. Vikapu vya mama na bibi wa Kihangaza wa Ngara navyo vina mistari yake, lakini kaunta buku za binti, kwa maelezo yake mwenyewe, zimejaa magauni ya zulia jekundu ya Marekani.

Vitambaa ni tatizo la kweli. Biharamulo hulima pamba, lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa haijasokotwa, na kitenge kinachorudi dukani mara nyingi kimetoka China. Fundi wa wilayani hununua kwa bei ya rejareja kitu ambacho mwenzake wa Kariakoo, mtaa wa Uhuru au wa Kongo, hukinunua kwa jumla. Mwanza ndiyo nafuu ya karibu, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 safari hiyo haina tena foleni ya kivuko. Mafundi watatu wakichanga nauli ya mmoja, kila mmoja huokoa.

Halafu bei. Mafundi wengi hutaja bei ya jirani, si ya kazi. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba ufundi wa gauni ni shilingi 20,000, na uzi, zipu na lainingi vimekula 6,000, zinabaki 14,000. Gauni likichukua siku mbili na nusu, fundi amejilipa 5,600 kwa siku, kabla ya pango na umeme. Pengine inatosha, pengine haitoshi, lakini asiyepiga hesabu hiyo hatajua kwa nini ana kazi nyingi na hana hela. Daftari la vipimo na tarehe lina uzito uleule. Ahadi ya fundi cherehani ni utani wa taifa zima. Mteja huambiwa Ijumaa na kuchukua nguo Jumatano baada ya harusi kupita. Anayekabidhi kwa wakati katika mji mdogo kama Biharamulo hahitaji tangazo.

Linabaki suala la baba. Hofu yake ina msingi: amewaona mafundi waliozeeka kibarazani bila akiba. Hoja yake ndiyo haina msingi, kwani shangazi anayemwita binti ni dada yake mwenyewe, na cherehani hiyo anayoidharau ndiyo inayomlisha dada huyo. Barua haisemi kama hao wawili wamewahi kuzungumza. Mambo ya binti hupita kwa shangazi hata pale yasipohusu ndoa, na neno la dada kwa kaka yake lina nafasi ambayo neno la mtoto kwa baba halina. Aende shangazi Rulenge, akae na kaka yake, amweleze anachoingiza kwa mwezi mzuri na kwa mwezi mbaya, na waelewane muda wa majaribio, mwaka mmoja kwa mfano. Binti akimshambulia baba kwa majina ya wabunifu wa Paris atashindwa.

Dar es Salaam haifutwi, inacheleweshwa. Anayekwenda na michoro tu hupokewa kama mwanafunzi asiye na pa kulala. Anayekwenda na patani zake, picha za nguo zilizovaliwa na watu halisi na mkono unaokata bila kutetemeka huweza kuomba kazi kwenye karakana wiki ya kwanza.

Fedha za kuanzia zipo kwa masharti. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Mkopo wa vijana na wanawake hupewa kikundi, kwa hiyo binti atahitaji wenzake wanaoaminika, na ofisi ya kuanzia ni ya Afisa Maendeleo ya Jamii. Mkopo ununue mashine ya ovaloki, maana pindo lisilopigwa ovaloki ndilo linalofanya nguo nzuri ionekane ya kienyeji. Cherehani ya mguu ya shangazi itatosha kwa mengine. Jina la biashara husajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwa mtandao, na hilo linaweza kusubiri hadi apatikane mteja wa kwanza asiye ndugu.