Fanya Lako, Mvua Mwachie Mungu

Kila Desemba, ibada ikiisha, waumini wa hapa Dodoma hunishika mkono mlangoni na kuniuliza maswali yanayofanana. Haya manne ndiyo yanayorudi zaidi.

Mchungaji, mbona mwezi wa kuzaliwa Bwana ndio unaonichosha kuliko yote?

Kwa sababu tumeipoteza Majilio. Kanisa lilitenga Jumapili nne kabla ya Krismasi ziwe za kungoja. Sisi tumezijaza vikao vya michango, sare na safari. Wakulima wa Bahi na Chamwino wanajua kungoja. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, na Desemba ndipo huanza kushika. Mkulima husafisha shamba, wengine hupanda udongo ukiwa bado mkavu, kisha huenda kulala. Amefanya lake, mvua si yake. Amani ya Mkristo huanzia hapo: kujua lipi ni langu na lipi ni la Mungu.

Tangu treni ya mwendokasi ianze mwaka 2024, ndugu wa Dar es Salaam wanafika kwa saa chache tu. Nyumba imejaa, niko jikoni tangu alfajiri. Nisali saa ngapi?

Dada yangu, soma Luka 10, habari za Martha na Mariamu. Bwana hakumlaumu Martha kwa kupika, bali alimwonyesha jinsi mengi yanavyomsumbua. Basi yapunguze. Pilau na mboga vinatosha. Vijana wa kiume nao waoshe masufuria. Kabla hujawasha jiko, kaa kimya dakika 10, simu ikiwa chumba kingine. Siku ikikulemea, sali hapo hapo ukichambua mchele.

Watoto wanataka nguo mpya, na Januari shule zinafunguliwa. Nifanyeje?

Andika mahitaji ya shule kwanza, kisha chakula, ndipo sikukuu. Waambie watoto ukweli mapema, bila kuona haya. Mkopo wa nguo ya siku moja utakunyima usingizi hadi Machi. Bwana wetu alizaliwa akalazwa horini; nguo iliyofuliwa vizuri inatosha kumlaki.

Mwaka huu tumefiwa. Nitasherehekeaje?

Pole sana, mama. Usijilazimishe kucheka. Mnapoombea chakula, mtajeni mpendwa wenu kwa jina, mkimshukuru Mungu kwa maisha yake. Machozi yakija, yaacheni. Usingizi na hamu ya kula vikipotea kwa majuma kadhaa, nenda ukaonane na daktari. Hospitali ya Mirembe, ya afya ya akili, iko hapa hapa mjini. Tumezoea kulitaja jina lake kwa kudhihaki watu, na hilo ni kosa letu. Kutafuta tiba si upungufu wa imani, ni sehemu ya lile lililo lako kufanya. Na siku ya Krismasi njoo, hata kama sauti haitoki. Keti katikati yetu. Kwaya itaimba kwa niaba yako mpaka utakapoweza.